Mwanamke Aliyechorwa

Nyakabanda, Kigali
9 Februari 1992

Mwalimu wangu Shoshana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo imetugomea. Mume wangu Ilyasi anakusalimu, ingawa anakujua kwa hadithi zangu: binti wa Kimarekani aliyetufundisha Kigoma, aliyepanda baiskeli amevaa sketi, akatuambia darasani kwamba baba yake alifungwa jela kwa kuuza vitabu. Tulidhani unatania. Sisi tulijua watu hufungwa kwa kuiba vitabu, si kwa kuviuza.

Mwaka juzi uliniandikia kwamba siku hizi wewe ni wakili, na unawatetea watu walioshtakiwa kwa matusi na picha chafu. Ndiyo maana nakuuliza wewe, simuulizi shekhe.

Unajua tuna imprimeri yetu ndogo hapa Nyakabanda. Tunachapa kadi za harusi, risiti za maduka, matangazo ya misa na ya maulidi. Tangu serikali iruhusu vyama vingi, magazeti yameota kama uyoga, na mteja mmoja, mtu mwenye heshima zake, anataka tumchapie lake. Ndani yake mna picha za kuchora za wanawake uchi, na maneno ambayo siwezi kumwandikia mwalimu wangu. Mimi nasema haifai. Ilyasi anasema maneno ni ya mwenyewe, sisi ni watu wa mashine tu. Anasema nchi hii ilinyamaza miaka mingi, na leo watu wakisema, sisi ni nani tuwazibe?

Siwezi kueleza zaidi, barua hupita mikono mingi. Nipe shauri. Wewe ungefanyaje?

Mwanafunzi wako,
Swafiya


Brooklyn, New York
3 Machi 1992

Mdogo wangu Swafiya,

Marahaba. Kiswahili changu kimeota kutu, utanivumilia.

Umeniuliza swali ambalo nimelijibu maisha yangu yote. Baba yangu, Mendel, alitoka Poland akiwa hana kitu, akauza vitabu vikuukuu kwenye mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kamusi na vitabu vya sala. Chini yake kulikuwa na vile vilivyofungwa kwa karatasi ya kaki. Wengi waliochapa na kuuza vitabu vile hapa New York walikuwa Wayahudi kama sisi, na hadi leo wapo wanaotutukana kwa hilo. Si kwamba tulipenda uchafu kuliko wengine. Biashara safi zilikuwa na wenyewe, sisi tukachukua iliyobaki. Labda pia mtu ambaye hakualikwa mezani haoni sababu ya kushika adabu za meza.

Walipomshtaki, mwendesha mashtaka hakusema sana juu ya vitabu. Alisema juu ya watu waliokuja na meli kutoka mashariki kuwachafulia Wamarekani watoto wao. Baba akafungwa. Rabi wetu mwenyewe aliacha kumsalimu. Mama yangu alivuka barabara kila alipowaona wanawake wa sinagogi, mpaka akafa.

Vile vitabu alivyofungiwa leo vinasomwa vyuo vikuu.

Ndiyo maana nasema hivi: anayetaka kufunga midomo ya watu huanza na picha ya uchi, kwa sababu anajua hakuna atakayeona fahari kuitetea. Akishazoea mkasi huhamia kwenye siasa. Nchi yenu ndiyo kwanza imefungua mdomo. Usiogope kwamba maneno ya mwanzo yananuka. Chapeni, Swafiya. Anayechukizwa asinunue.

Nakukumbatia,
Shoshana


Nyakabanda
20 Mei 1992

Mwalimu wangu,

Barua hii nampa dereva wa lori wa Kitanzania aitie posta akifika Ngara, kwa hiyo leo nitasema.

Ilyasi aliisoma barua yako, akaisoma tena. Akasema, "Mwalimu wako ana akili kuliko sisi sote." Alikuwa ameshaamua nusu, wewe ukamkamilishia. Tukachapa.

Kuna jambo sikukueleza. Niliogopa barua itafunguliwa, nikadhani pia utaelewa. Wale wanawake wa kwenye picha si wanawake tu. Wote ni Watutsi. Gazeti lile linasema wametumwa na waasi walioko mpakani, wawanunue wanaume wa Kihutu kwa miili yao. Linawaita inyenzi, yaani mende. Ndiyo siasa yenyewe, Mwalimu. Uchi ni sukari tu juu ya dawa.

Tulipokubali tulikuwa tumeona kurasa za mbele. Ule wa mwisho mteja aliuleta siku ya kuchapa. Nilikuwa napanga karatasi, Ilyasi yuko kwenye mashine, nikamwona Pudentienne akitoka.

Pudentienne ni jirani yetu, tunatenganishwa na ua wa michongoma. Anapiga taipu katika ofisi ya waziri mmoja wa chama cha upinzani. Walimchora amemkalia waziri mapajani, hana nguo, nyuma ana mkia wa nyoka. Miwani yake waliiacha. Mwanya wake waliuchora mpana kama mlango. Akaendelea kutoka kwenye mashine, mmoja juu ya mwingine, wino ukiwa mbichi.

Nikasema, "Ilyasi, zima."

Akasema, "Mwalimu ameshasema."

"Mwalimu hakuona hii."

Hakuzima. Hakunitazama pia.

Pudentienne alikuwa na mchumba, kijana anaitwa Muhire, na familia ya Muhire ilikuwa imeshapanga siku ya kuja kwao na pombe ya kutoa posa. Hawakuja. Mama yake Muhire alituma ujumbe kwamba ana shinikizo la damu. Watoto wa mtaani humpigia Pudentienne miluzi akitoka kazini. Naye bado anakuja kwetu kuomba chumvi, anakaa kwenye kigoda jikoni, anaongea na mimi. Hajui ni mashine ya nani. Au sisi ndio tunaodhani hajui.

Swafiya


Brooklyn
11 Juni 1992

Swafiya,

Niliandika barua nyingine kabla ya hii nikaichana. Ilikuwa ya hasira. Nilikuuliza kwa nini hukuniambia. Kisha nikaona kwamba mimi ndiye sikuuliza. Uliponiambia wanawake uchi niliona mkokoteni wa baba yangu, nikaanza kuhutubia.

Nikwambie jambo ambalo nililijua na sikulikumbuka siku ile. Dada yake baba yangu aliishi Ujerumani. Kulikuwa na gazeti huko lililobandikwa barabarani kwenye masanduku ya kioo, ili hata asiye na hela asome bure. Kila wiki lilichora Myahudi mwenye pua ndefu akimshika msichana wa Kijerumani aliye nusu uchi. Vijana walisimama mbele ya kioo wakicheka, na shangazi yangu alipita nyuma yao kila asubuhi akienda kununua mkate. Baadaye hakukuwa na shangazi.

Nimetetea matusi miaka mingi, na nitaendelea kuyatetea. Lakini nimezoea kuuliza nani anakatazwa kusema. Sikuzoea kuuliza nani anachekwa, na wanaocheka wamejiandaa kufanya nini wakimaliza kucheka.

Sikwambii uende polisi. Naona wazi kwamba wenye polisi ndio wanaocheka. Nakwambia hili tu: uhuru ninaoutetea haumlazimishi mtu kukopesha mashine yake. Kataeni. Na mwambieni Pudentienne kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Shoshana


Nyakabanda
30 Agosti 1992

Mwalimu wangu,

Tumekataa. Mteja wetu, Jean-Berchmans, alikuja na kurasa za toleo jipya ndani ya mkoba wa ngozi. Ilyasi alimpa kiti. Akamwambia hatutachapa tena gazeti lile.

Jean-Berchmans hakukasirika. Aliuliza, "Mashine iko mbovu?"

"Mashine ni nzima."

"Basi sielewi, mzee Ilyasi. Nyinyi Waswahili siasa ya nchi hii si yenu. Mko watu wa biashara. Nani amewatisha?"

"Hakuna."

"Iko mtu amewatisha." Akanigeukia mimi, anatabasamu. "Madamu, siku hizi kila mtu ana uhuru wa kusema. Nyinyi pia mna uhuru wa kukataa. Tutakumbuka kwamba mliutumia."

Akachukua mkoba wake. Mlangoni alimkuta Pudentienne anaingia. Akamvulia kofia, akampisha.

Yeye hatujamwambia. Nimejaribu. Nikifungua mdomo, ananiuliza habari za mwanangu aliyeko shule Bukoba, na mimi najibu hilo.

Swafiya


Nyakabanda
15 Januari 1994

Mwalimu wangu mpendwa,

Hatujambo kabisa. Tafadhali usiniandikie tena mambo ya sheria. Niandikie habari za theluji na za paka wako. Barua yako ya Krismasi ilifika imebandikwa kwa gundi ambayo si ya posta.

Huku tuna redio mpya, inachangamsha sana. Muziki mzuri, mizaha mingi, watangazaji wanaongea kama walevi wa kilabuni. Mwanzoni hata Ilyasi alicheka. Siku hizi wanawataja watu kwa majina na mitaa yao, na yeye huizima, lakini ukizima kwako unaisikia kwa jirani. Ukitembea kutoka hapa mpaka msikitini kipindi hakikatiki hata neno moja.

Jirani yetu yule hafanyi kazi tena. Ana muda mwingi wa kukaa na mimi jikoni.

Utuombee kwa Kiyahudi chako, nasi tunaomba kwa cha kwetu.

Swafiya


Brooklyn
8 Mei 1994

Swafiya,

Karani wa posta ameniambia barua za Rwanda hazipokelewi. Nimemuuliza mpaka lini, akasema hajui, akamwita mtu wa nyuma yangu. Naandika hivyo hivyo.

Katika televisheni wameonyesha mto. Sitasema kilichokuwa mtoni. Nilisogea karibu na kioo nikitafuta nguo ninayoijua, kana kwamba naijua hata nguo yako moja. Wewe kwangu bado una sare ya shule.

Jana sinagogini walifika kwenye sala ya wafu. Wenye wafu husimama, wengine hukaa. Nilinyanyuka nusu, nikakaa. Nikanyanyuka tena. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akanishika mkono akaniuliza kama naumwa.

Ile barua yangu ya Machi mwaka wa tisini na mbili nina nakala yake, maana mawakili hawatupi kitu. Nimeisoma. Imeandikwa vizuri sana. "Anayechukizwa asinunue."

Niambie kama mpo. Niambie pia kama ni barua ile iliyochapa gazeti.

Shoshana


Nyakabanda, Kigali
2 Novemba 1994

Mwalimu wangu,

Mimi nipo. Barua yako ya Mei nimeipata pamoja na ya Septemba, zimeletwa na mtu wa Msalaba Mwekundu.

Ilyasi hayupo. Naanza na hilo kwa sababu sijui namna ya kulizunguka.

Asubuhi ile ya Aprili, baada ya ndege ya rais kuanguka, Pudentienne aliruka ua wetu akiwa na viatu mkononi. Ilyasi hakumuuliza kitu. Alimpeleka imprimeri, akamweka kati ya ukuta na rafu, kisha akapanga marobota ya karatasi mbele yake mpaka yakawa ukuta wa pili. Akabaki humo masika yote. Nilimpa chakula kwa juu, kama mtu anayelisha kuku.

Ilyasi ndiye aliyekwenda bondeni kuchota maji, kwa sababu wanaume wa Kiislamu waliachwa kupita. Kwenye bariyeri ya chini, kizuizi walichoweka barabarani, walikuwepo vijana wa Jean-Berchmans. Mmoja akamtambua. Alisema, "Huyu ndiye Mswahili aliyetunyima mashine." Haya niliyasikia kwa jirani aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Jirani huyo ndiye aliyeniletea kidumu. Kilikuwa kimejaa maji. Tuliyanywa maji yale, Mwalimu, mimi na Pudentienne. Sikuwa na mengine.

Baadaye wakaja kupekua. Mimi nilikuwa bado sijajua Ilyasi wamemlaza wapi. Waliingia imprimeri, wakavuta droo, wakamwaga herufi sakafuni. Mmoja akaanza kuyagonga marobota kwa mpini wa panga, akisikiliza.

Akasema, "Mama, unaficha mende."

Chini ya mashine yalikuwepo mabaki ya lile gazeti, karatasi zilizoharibika ambazo Ilyasi alikuwa akifutia wino. Sijui nani alinipa wazo. Nikazitoa nikawapa. Nikasema, "Mende gani? Sisi ndio tuliowachapia. Tazameni."

Wakatazama. Wakaita wenzao walioko nje. Kijana mmoja akasoma maneno ya chini kwa sauti, polepole, kwa sababu hakujua kusoma vizuri, na wenzake wakamsaidia kwenye maneno magumu. Wakacheka mkia. Wakacheka mwanya. Mmoja aliweka kidole chake juu ya picha, mahali ambapo sitataja, na akamuuliza mwenzake swali. Walikuwa wameegemea marobota yale yale. Pudentienne angenyoosha mkono angewagusa.

Nami nilicheka nao. Ilibidi.

Wakazikunja zile karatasi wakazitia mifukoni, wakaenda zao. Wakati wote ule nyuma ya karatasi hakukuwa na sauti hata ya pumzi. Nilipoondoa robota la juu nikadhani nitamkuta amekufa. Alikuwa amekaa, miwani yake ameishika mapajani. Akaniuliza, "Maji yapo?" Nikampa. Hakusema lingine siku ile, wala juu ya jambo lile hajasema lingine mpaka leo.

Tunaishi pamoja sasa. Nyumba yake haina paa, na nduguze hakuna aliyerudi. Mashine ni nzima, hawakuiharibu, lakini sijaiwasha. Nikifungua mlango wa imprimeri nakisikia kile kicheko, na sauti ninayoisikia zaidi ni yangu.

Umeniuliza kama ni barua yako iliyochapa gazeti. Sijui. Pengine Ilyasi angechapa hata usingeandika. Sitakujibu ndiyo, na sitakujibu hapana ili upate kulala. Wewe hukuliona gazeti. Sisi tuliliona.

Swafiya


Brooklyn
27 Novemba 1994

Swafiya wangu,

Juu ya Ilyasi sina maneno. Dini yangu ina desturi ya kukaa na mfiwa bila kusema mpaka aanze yeye. Hesabu kwamba nimekuja na nimekaa.

Nina ombi, na ukiona halifai useme. Masika ijayo chama cha mawakili wanaotetea uhuru wa kusema kitakutana hapa. Wanataka kumheshimu baba yangu, na wameniomba nihutubie. Siwezi kusimama pale nikaeleza mkokoteni wa baba yangu nikanyamaza juu ya mashine yenu. Bado siamini kwamba mkasi ukae mkononi mwa serikali. Ile ya kwenu ilikuwa nao, ikawakata wengine, na hawa wa gazeti lile ikawaacha. Lakini nataka mawakili wale wakae na jambo hili kama mimi ninavyokaa nalo, bila jibu la haraka.

Ningependa kumtaja Pudentienne. Na kama imebaki nakala ya ile picha, ningependa kuionyesha ukutani. Watu wa huku hawaamini wasichokiona.

Shoshana


Nyakabanda
20 Desemba 1994

Mama Shoshana,

Mimi ni Pudentienne. Swafiya alinisomea barua yako, akaniuliza nataka ajibu nini. Nikamwambia nitajibu mwenyewe. Kiswahili yangu ni ya hapa Kigali, si ya shule kama yenu, utanisamehe.

Sasa hivi Swafiya iko hapa karibu, anachambua mchele. Mchele umeisha kuwa safi, lakini bado anachambua.

Yeye na mzee Ilyasi walifikiri sijui. Nilijua wiki ile ile. Mtaa wote ulijua nani alichapa. Niliendelea kuja kuomba chumvi, hata siku nilikuwa na chumvi. Nilitaka waniambie. Nilikaa kwa ile kigoda nikangoja, wakaniuliza kama nataka chai.

Siku ya Aprili niliruka kwao kwa sababu ua wa upande mwingine ulikuwa mrefu. Si kwa sababu nilisamehe. Mzee Ilyasi alipokuwa anapanga karatasi mbele yangu, kabla ya kufunga ya mwisho, aliniambia, "Pudentienne, ni mimi." Nikamwambia, "Najua, mzee. Funga." Hayo ndiyo tulisema. Swafiya hakuyasikia. Namwambia leo kwa hii barua, kwa sababu ataisoma kabla ya kuipeleka posta.

Naye alipocheka na wale watu, nilisikia. Nilijua ni kicheko ya nini. Mimi pia nataka alale.

Kama nimesamehe, sijui. Tunakula sahani moja. Sijajiuliza zaidi ya hapo.

Sasa ombi yako. Ile hadithi, sema. Sema yote, na mkia, na maneno ambayo yule kijana alisoma polepole. Jina langu sema pia, usikate: Nyiraneza Pudentienne. Mzee Ilyasi mtaje kwa yote mawili, kwamba alichapa na kwamba alikataa.

Picha, hapana. Nakala zilibaki, Swafiya alizipata chini ya meza, na mimi nilizichoma kwa jiko juzi. Najua wale mawakili ni watu wazuri, watasikitika. Lakini kabla ya kusikitika wataangalia. Nimeangaliwa inatosha.

Wakikuuliza huyo mwanamke iko namna gani, usiwaache waende bila kujua. Yule mchoraji sidhani alinijua, pengine alinipita njiani mara moja. Waambie nilikuwa napiga taipu haraka kuliko wote pale ofisi. Waambie siku zote nilivaa sweta ya bluu, nafunga vifungo mpaka juu ya shingo, kwa sababu ile ofisi iko na baridi.

Pudentienne